Ulimi wa Chuma

Brekkhus ametandika mezani kitambaa cha kijani,
kile cha kuchezea karata enzi za marehemu mkewe,
na juu yake amelaza vifyatulio vitatu
kama daktari wa meno anayekwambia uchague
jino utakalotafunia miaka iliyobaki.

Theluji ya Machi inaporomoka paani kwa mapande.
"Bunduki moja," nimemwambia, "kazi mbili.
Jumapili shabaha, mita mia tatu.
Oktoba elki msituni, paa yule mwenye kimo cha farasi."
Akachekea puani. "Mshika mbili, Gunnvor..."
Hakumalizia. Nani huimalizia?

Cha kwanza hakina mwendo.
Ni ukuta tu. Unausukuma, unausukuma ukuta,
mara hakuna ukuta:
ka! kama barafu ya dimbwi chini ya kisigino.
Safi. Gramu mia sita.
Safi mno kwa mtu ambaye moyo
humpanda kooni tawi likivunjika.

Cha pili kina ndimi mbili, kazi ya mafundi wa kale.
Wa nyuma unauvuta, unatega.
Wa mbele sasa unangoja pumzi.
"Nikishautega, na mnyama akaenda zake?"
"Unautegua," akasema, "polepole,
gizani, mikono ikikutetemeka kwa baridi."
Akakirudisha kitambaani
kama alazaye mtoto aliyesinzia kwa shida.

Sikumweleza habari ya mwaka jana.
Bunduki ya baba, kifyatulio kimelika
kama kidato cha ngazi ya kanisa,
nami nilikuwa bado nawaza,
ndama anapita mbele ya mama yake, nawaza tu,
risasi ikatoka kabla ya neno langu.
Ilipiga mti. Gome jeupe likaning'inia
kama bahasha iliyofunguliwa kwa pupa.
Hakuna aliyeumia. Wenzangu walinitania
mpaka birika la kahawa likakauka.
Usiku nilikaa kitandani nakitazama kidole.
Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi,
husemwa hivyo,
lakini huu ni ulimi unaosemeshwa na dole.
Kikijikwaa kimoja, viwili vimeanguka,
na neno lake likitoka linakwenda
kasi kuliko radhi yoyote.

Cha tatu.
Kinakuja kwanza, laini, droo iliyopakwa nta,
gramu mia nane za njia,
kisha kinasimama.
Hapo kiliposimama nilifumba macho.
Una hakika? Kama mtu ameniuliza.
Bado mia saba. Waweza kurudi.
Nikarudi. Nikaenda tena. Nikarudi.
Brekkhus akajifanya anatafuta bisibisi.

"Hiki."
"Bapa au kilichopinda?"
Nikamnyooshea kidole. Hakina ncha
tangu msumeno wa baba, nilipokuwa na miaka kumi na sita.
Chanda chema huvikwa pete;
changu kilivikwa nyuzi saba na spiriti.
Akakipima, kimya, urefu na unene,
akaandika namba ukutani kwa penseli
chini ya namba za watu ambao siku hizi
nawasalimia makaburini.
"Bapa," akasema. "Na glavu iko wapi?"
"Glavu gani?"
"Utakayovaa Oktoba, alfajiri."
Iko nyumbani, kilomita arobaini,
juu ya jiko, pamoja na soksi.
Akakunja kitambaa, pembe kwa pembe,
vyote vitatu vikiwa ndani.
"Basi sijauza kitu. Njoo nayo Jumanne."

Barabarani, lori la magogo mbele yangu
linapanda kilima kama lenye mashaka.
Kidole kifupi juu ya usukani
kinavuta hewa. Njoo, njoo, simama.
Ningeweza kulipita.
Nimekaa hapo, ukutani,
mia saba zote bado ni zangu.